Kura Iliyolala Columbus

Kuku watatu wa Zenoni Bulonza waliishi Marekani bila karatasi. Yeye mwenyewe karatasi alikuwa nazo zote: aliinua mkono wa kulia mbele ya jaji, akaapa, akapewa kibendera na kipande cha keki. Kuku hawakuapa. Walikaa kwenye gereji nyuma ya matairi ya theluji, katika kijiji cha Fernhill, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya Kenmore na Tonawanda mpaka ukipiga chafya upande mmoja wanakuombea heri upande wa pili.

Mkubwa wao aliitwa Madamu Prefe. Jina hilo alilipata kwa kazi yake: kila asubuhi aliikagua gereji kichwa juu, hatua moja moja, kama mkuu wa shule anayetafuta nani kavuta sigara chooni. Alikuwa wa kijivu, mnene, na akitaga yai alitangaza. Hakutangaza kidogo. Bulonza, ambaye kazi yake kiwandani Tonawanda ilikuwa kuitazama mashine ikikunja maboksi na kuikaripia ikikosea, alirudi kutoka zamu ya usiku, akakaa juu ya ndoo, akamweleza Madamu Prefe habari za msimamizi wake. Madamu Prefe alisikiliza kwa jicho moja. Ilikuwa zaidi ya alichopata kwa wanadamu wengi.

Jirani akasikia tangazo la yai. Jirani akaandika kwa wakubwa wa kijiji. Wakubwa wa kijiji wakachunguza, wakagundua kwamba nusu ya mtaa ina kuku mafichoni, wakaogopa kugombana na nusu ya mtaa, wakafanya kile wakubwa hufanya wakiogopa: waliwaachia wananchi. Siku ya uchaguzi wa Novemba, nyuma ya karatasi ya kura, kungekuwa na swali moja: je, kila nyumba iruhusiwe kufuga kuku, ndiyo au hapana? Hapana ikishinda, kuku wote waondolewe kabla ya mwezi kwisha.

Nyumbani kwa Bulonza neno "kuondolewa" lilikuwa na maana moja tu, nayo ilikuwa na mfuniko. Mke wake Séphora alikuwa ameshaanza kuwatazama wale kuku kwa macho ya mtu anayemenya vitunguu.

"Papa Grâce," alisema, maana Grâce ndiye binti yao wa kwanza, "ule wa kijivu atatosha watu nane."

"Mama Grâce, ule si chakula. Ule ni mutu wa nyumba."

"Bon. Mutu wa nyumba alipe nyumba."

Kwa hiyo Bulonza alipania kupiga kura. Kwao Walungu aliwahi kupiga mara moja, akapakwa wino kidoleni, na wino ule ulidumu kuliko ahadi zote alizosikia wiki ile. Lakini hii ilikuwa kura ya kuku. Hii alikuwa na imani nayo.

Tatizo lilikuwa arusi. Mtoto wa kaka yake, Aganze, alikuwa anaoa Louisville, na Bulonza ndiye msemaji wa upande wa bwana arusi. Baba wa bibi arusi, Mzee Sebagabo, alikuwa mtu wa milimani, wa ng'ombe tangu mababu, na mtu wa ng'ombe hamalizi maneno kwa siku moja. Arusi Jumamosi, Jumanne ukoo ukae tena kuzungumzia ng'ombe wa mwisho wa mahari. Jumanne hiyo hiyo ndiyo siku ya kura. Bulonza akafanya kama wenyeji: akaomba karatasi ya kura iletwe kwa posta, aipigie mbali.

Aliomba mapema. Posta haikuwa na haraka. Msimu ule barua zote zilikuwa zimechoka. Tangazo la piza lilifika mara mbili. Bili ya umeme ilifika siku yake, maana bili haijui kuchelewa hata dunia ikipinduka. Kura, hapana. Ofisi ya uchaguzi iko katikati ya mji wa Buffalo, mahali ambapo mtu mwenye viatu vizuri angetoka asubuhi akarudi kwa chakula cha mchana. Lakini bahasha ile ilichukua karibu mwezi, na kwa mihuri iliyokuwa nayo ilikuwa imepitia jimbo lingine, labda kusalimia. Ilimfikia Alhamisi asubuhi, gari likiunguruma, suti imening'inia dirishani. Bulonza akaikamata mkononi mwa mleta barua, akaondoka nayo; Séphora akabaki nyumbani.

Huko Louisville, Ijumaa, alikaa mezani kwa Aganze akaikunjua. Upande wa mbele kulikuwa na majina ya watu asiowajua, wa vyeo asivyovielewa. Akaruka yote. Akageuza karatasi, akatafuta kuku, akalijaza duara la "ndiyo" kwa kalamu nyeusi mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Akaweka sahihi kwenye bahasha pale palipohitaji sahihi.

"Sasa tupa kwenye sanduku, papa mdogo," Aganze alisema. "Lile la buluu, pale kona."

Bulonza alitoka, akalizunguka sanduku lile kama mtu anayenunua mbuzi. Akalifungua mdomo, akachungulia. Giza. Akarudi.

"Aganze. Kitu kilichukua mwezi kuvuka Buffalo, donc kitavuka Kentucky na Ohio lini? Kuku watakuwa mchuzi, mchuzi utakuwa umesahaulika."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitatuma mutu."

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo adabu ilipoingia kuharibu kazi. Bulonza alikulia mahali ambapo jengo la posta lilikuwapo ila barua hazikuwapo. Barua ilikwenda na mtu anayesafiri, na barua ya namna hiyo ina desturi zake. Kwanza, juu ya bahasha unaandika jina la anayeibeba, ili ajulikane na kuheshimiwa. Pili, haisafiri peke yake. Mtu hawezi kubeba karatasi tupu kama karani, unamwongezea kitu cha kula cha kupeleka huko inakokwenda. Na tatu, kubwa kuliko zote: barua unayomkabidhi mtu mkononi haifungwi. Ukiifunga umemwambia usoni kwamba yeye ni mdaku na mwizi. Unaiacha wazi, naye kwa heshima yake haisomi. Au anaisoma kidogo.

Ndugu Theogene, mpiga gitaa wa kwaya, alikuwa anarudi Columbus Jumapili baada ya ibada. Bulonza akaandika juu ya bahasha, kwa mwandiko wa shule ya wamisionari: *Kwa mkono wa Ndugu Theogene.* Mke wa Sebagabo akaleta mfuko wa ndagala, wale dagaa wakavu, zawadi kwa Séphora. Aganze, ambaye amesoma Marekani na haoni haya, akaonyesha kwa kidole maandishi ya pembeni.

"Papa mdogo, wanasema uifunge. Wameandika kwa herufi kubwa."

"Nimfungie Theogene bahasha usoni? Mutu ametuimbia arusi mpaka amekatika waya mbili za gitaa?"

"Lakini sheria..."

"Sheria haimujui Theogene. Mimi ninamujua."

Bahasha ikaondoka wazi, ndani ya mfuko wa ndagala.

Jumapili jioni simu ya Bulonza ikalia. Ilikuwa vokali, ujumbe wa sauti, kutoka kwa Theogene, na nyuma yake vyombo vinagongana.

"Yaya Bulonza, kaka yangu, shalom. Kura yako imefika Columbus salama. Imepokelewa muzuri sana. Ndiyo wanaipikia sasa."

Bulonza akashukuru Mungu. Mpango ulikuwa kwamba Shemasi Methodi wa Columbus, aliyekuwa na safari ya Buffalo kwa maombi, aondoke nayo Jumatatu alfajiri. Jumatatu alfajiri ikapita. Asubuhi ikapita. Saa sita mchana Bulonza akapiga simu mwenyewe.

"Shemasi, uko wapi?"

"Niko hapa hapa Columbus, ndugu. Kura imelala. Unajua Theogene ameniletea kura pamoja na ndagala, na mimi siwezi kumupokea mutu na mkono mutupu, nimemuchinjia. Sasa naye anasema nisiondoke bila kula kwake. Tuko tunakula."

"Bahasha iko sawa?"

"Iko muzuri. Nimeandika na jina yangu chini ya ya Theogene." Methodi akasogeza simu mdomoni. Akashusha sauti. "Bulonza. Nilikuwa nataka kukuuliza kitu. Mbele umeacha nafasi zote tupu."

"Shemasi, umesoma?"

"Sikusoma. Ilikuwa wazi, macho imepita. Jaji, tupu. Mukaguzi, tupu. Mutunza barabara, tupu! Mutu ameomba kazi kwa heshima yake, na wewe unamupita kama humuoni, unakwenda moja kwa moja kwa kuku. Inakaa vibaya. Niko na kalamu hapa."

"Methodi!"

"Ya buluu."

"Shemasi Methodi, weka kalamu chini! Usiguse! Hata nukta!"

"Nilikuwa nataka tu kukusaidia na ule wa barabara. Anaonekana mutu wa Mungu."

"Weka mezani. Umeweka?"

"Nimeweka. Usifoke, niko na wageni."

Usiku ule Bulonza hakulala vizuri. Jumanne asubuhi akakaa sebuleni kwa Sebagabo katika suti ile ile ya arusi, chai ya maziwa mbele yake, wazee wa pande zote mbili wamejipanga kwenye makochi. Sebagabo, mrefu kama mlingoti, kofia haijatoka kichwani tangu Ijumaa, alikuwa amefika kwenye ng'ombe wa mwisho na hakuonekana kutaka kupita.

"Mukwe," alisema, "unaangalia simu yako kila saa. Kuna mugonjwa?"

"Hapana muzee. Ni mambo ya kura. Ya kuku."

"Ya nini?"

Bulonza akaeleza. Makochi yakatetemeka kwa kicheko. Sebagabo hakucheka, alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba ukoo anaouozea binti yake una kifafa.

"Kuku," alisema. "Kuku si mali. Kuku ni mdudu mukubwa. Ng'ombe ukimwita jina anageuka. Kuku ukimwita anakunya."

Simu ikalia. Séphora. Methodi alikuwa ameingia Buffalo usiku sana, akalala kwao, akanywa chai polepole, ndipo akakabidhi bahasha. Naye Séphora, ambaye uraia wake bado ulikuwa njiani na hivyo hawezi kupiga kura ya mtu wala yake, aliibeba moja kwa moja hadi ukumbi wa wazima moto walikokuwa wanapigia.

"Papa Grâce, wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Kura. Iko wazi. Mama muzungu hapa anasema bahasha ikiwa wazi haiingii, hata kama wewe ni mutakatifu. Na anauliza hawa watu wamesaini nje ni nani, ni mashahidi? Nimemwambia ni Theogene na shemasi. Na inanuka ndagala, Papa Grâce. Ameishika na vidole viwili."

Bulonza akashika paji la uso. "Basi kuku wamekufa."

"Ngoja. Anasema ukikuja wewe mwenyewe kabla ya saa tatu ya usiku, utaapa, utapewa ingine. Wewe mwenyewe. Si mutu umetuma."

Kutoka Louisville hadi Buffalo ni siku nzima ya kuendesha. Ilikuwa katikati ya asubuhi. Bulonza alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Wazee wangu, munisamehe. Ninakwenda kupiga kura."

Sebagabo naye akasimama, akachukua fimbo yake.

"Bon. Mukwe haondoki hivi hivi. Nitakusindikiza."

Sasa, huko milimani kusindikiza kuna utaratibu. Mwenyeji anamtoa mgeni, anatembea naye, na hasimami mpaka mgeni mwenyewe aseme: rudi sasa. Lakini mgeni gani atamwambia baba wa bibi arusi, mzee wa rika lile, "rudi"? Ni kama kumfukuza. Bulonza alingoja mzee aage mwenyewe. Mzee alingoja Bulonza aseme. Walifika mlangoni, hakuna aliyesema. Wakafika kwenye gari. Sebagabo akafungua mlango wa mbele, akaingia, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Nitakufikisha pale barabara kubwa," alisema.

Barabara kubwa ikafika. Bulonza akakohoa. Sebagabo akatazama mbele. Wakavuka mto, wakaiacha Kentucky, Cincinnati ikapita upande wa dirisha, na heshima ilikuwa imejaa ndani ya gari lile mpaka vioo vimeanza kufanya ukungu. Karibu na Columbus walimkuta Theogene, habari zimeshamfikia kwa simu, amesimama kwenye kituo cha mafuta, gitaa mgongoni bila sababu, na sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, imefungwa kwa taulo.

"Yaya, nisamehe! Ni mimi nilipaswa kuifunga! Kuleni!"

"Hatuna wakati, Theogene!"

"Kula ni dakika mbili!"

Walikula gari likitembea, Sebagabo akimlisha Bulonza sombe kwa mkono wake, kijiko kwa kijiko, kwa uso wa mtu anayenywesha ndama. Kufikia Cleveland, mzee alikuwa ameshauliza kila kitu kuhusu kura ile. Kufikia mpaka wa New York alikuwa upande wake.

"Endesha," alisema. "Wasituchezee. Mdudu au si mdudu, ni wako."

Waliingia ukumbi wa wazima moto saa tatu haijafika bado, suti imekunjamana, tai ina sombe. Mama wa uchaguzi alikuwa bibi mwenye miwani ya mnyororo, na bahasha ilikuwa peke yake kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha lililofunguliwa. Juu yake palisomeka: *Kwa mkono wa Ndugu Theogene.* Chini: *Na kwa mkono wa Shemasi Methodi, Columbus, anawasalimia wote.* Na chini kabisa, kwa mwandiko wa Séphora: *Imefika. Tuko wazima.*

"Wewe ndiye Bulonza?" bibi aliuliza.

"Ni mimi."

"Na huyu bwana?"

"Ananisindikiza."

"Kutoka wapi?"

"Louisville."

Bibi akavua miwani, akamtazama Sebagabo, kofia, fimbo, na sufuria tupu aliyokuwa ameishika. Akavaa miwani. Akamletea mzee kiti. Bulonza akaapa, akasaini, akapewa karatasi mpya na bahasha yake. Mbele akaona jina la mtunza barabara. Akamkumbuka Methodi. Akamtia alama, isije ikasemwa hana utu. Kisha akageuza upande wa kuku, akajaza duara lake, akaifunga ile bahasha mpya kwa ulimi mara mbili, na ngumi juu yake.

Kuku walishinda. Tena hawakushinda kwa kubanana; walishinda kwa kishindo, mtaa mzima wa wafugaji wa mafichoni ulijitokeza, kiasi kwamba Bulonza angeweza kubaki Louisville anakunywa chai hadi Krismasi na hakuna ambacho kingebadilika. Séphora alimwambia hivyo. Alimwambia mara kadhaa.

"Kura yangu imo," Bulonza alijibu.

"Iko kwenye boksi ya kura za viapo, bado hawajaihesabu."

"Lakini imo."

Asubuhi, Sebagabo aliletewa mayai mawili ya kukaanga. Alikula la kwanza kwa adabu. La pili alilila kimya. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, huyo kuku amekaa wapi.

Bulonza akamfungulia gereji. Madamu Prefe alitoka nyuma ya matairi, raia kamili wa kijiji kwa mara ya kwanza, kichwa juu. Akamkagua mzee viatu. Akamkagua fimbo. Mzee akainama, akaita polepole: "Madamu Prefe."

Kuku akageuka.

Sebagabo alinyoosha mgongo. Akanyoosha mikono yote miwili juu kama pembe za ng'ombe, na hapo gereji, kati ya matairi na mashine ya theluji, akaanza kumsifu kwa ile sauti ya milimani ya kusifia mifugo: mwenye rangi ya ukungu wa milima ya Itombwe, binti wa wanaotembea taratibu, asiyetishwa na matairi, mtazamaji kwa jicho moja, kura zimepigwa kwa ajili yake. Séphora alisimama mlangoni na bakuli la vitunguu, mdomo wazi.

Bulonza alifahamu kinachokuja. Huko milimani mtu hamsifu mnyama bure. Anayemsifu anamwomba.

"Mukwe," Sebagabo alisema, "ninakuomba huyu. Ukimutoa, binti yangu amefunguliwa njia ya kwenu. Na yule ng'ombe wa mwisho, tumemaliza. Huyu amefunga maneno."

Unaweza kumnyima nani, ukamnyima aliyekusindikiza siku nzima na kukulisha sombe kwa mkono wake? Bulonza alitazama ndoo yake, ile aliyokaa akimweleza Madamu Prefe habari za msimamizi.

"Ni wako, muzee."

"Aksanti. Sasa," Sebagabo alisema, akijifuta jasho, "uniambie nirudi. Tangu jana ninangoja."

Shemasi Methodi ndiye aliyekuwa na gari la kurudi; mzee akapanda mbele. Madamu Prefe aliwekwa kwenye boksi zuri la kiwandani, ambalo Bulonza alilikunja kwa mkono wake mwenyewe, na juu yake akaandika: *Kwa mkono wa Shemasi Methodi. Na wa Ndugu Theogene.* Boksi akaliacha wazi. Safari hii kwa ajili ya hewa. Kuku alilala Columbus usiku mmoja, akamtagia Theogene yai juu ya kasha la gitaa, na kesho yake kabla ya chakula cha mchana alikuwa Louisville, anakagua sebule ya Sebagabo. Kukatoka vokali: hakuna aliyelala tangu alfajiri, na mzee anafurahi sana.

Januari, theluji imefika madirishani, posta ikamletea Bulonza barua. Ilikuwa ya ofisi ya uchaguzi. Ilimwarifu kwa heshima kwamba bahasha yake haikufungwa na hivyo haikupokelewa, lakini asihofu, bado ana nafasi ya kufika mwenyewe hadi Jumanne ya uchaguzi wa Novemba, saa tatu usiku.

Aliisoma gerejini, kwa sauti, mbele ya kuku wawili waliobaki. Mmoja, mweupe, ambaye hakuwahi kuwa na jina, alimtazama kwa jicho moja mpaka mwisho.

"Inabidi uwajibu," Séphora alisema kutoka mlangoni.

"Nitawajibu. Ni adabu."

Akachukua karatasi na kalamu, akaandika kwamba amepata, anashukuru, kuku wazima. Akaikunja, akaitia ndani ya bahasha, hakuifunga.

"Mama Grâce," akauliza, "nani anashuka mjini kesho?"